Kisima Kisichojazwa na Mvua

Hotuba kwa wavuvi, mabaharia na wanafunzi, uwanja wa Mkunguni, Lamu

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, mashekhe na masharifu, mama zetu mlioketi upande wa ngome, manahodha, wavuvi, na nyinyi wanafunzi mliokuja na kalamu zenu, nawashukuru kwa kuitikia wito baada ya sala ya isha, saa ambayo kila mtu amechoka na anatamani kwake. Nimefundisha fizikia na kemia katika kaunti hii kwa miaka mingi, na wengi mlioko hapa nimewahi kuwasahihishia vitabu. Usiku huu nimekuja na swali moja ambalo vijana wa gatini wameniuliza mara nyingi, na ambalo naona si haki kulijibu kwa maneno mawili huku tumesimama juani: je, ni kweli kwamba mafuta ya petroli yana mwisho, au hayo ni maneno ya wakubwa ya kutupandishia bei?

Naomba tuanze na kitu tunachokijua wote, nacho ni maji ya Shela. Chini ya vile vilima vya mchanga kuna maji matamu ambayo mji huu umeyanywa tangu zama za wazee wetu. Hayatoki mbali: ni mvua iliyonyesha juu ya mchanga, ikazama, ikatulia juu ya maji ya chumvi kwa kuwa maji matamu ni mepesi zaidi. Tukiteka kwa kiasi, mvua za masika hurudisha kilichotoka. Tukiteka kwa pupa, maji ya chumvi hupanda kutoka chini, na mwenye kisima huanza kuonja bahari ndani ya chai yake. Kwa hiyo mtu mwenye busara akiulizwa kama kisima kina mwisho, hajibu ndiyo wala la kabla ya kuuliza mambo mawili: kinajaa kwa kasi gani, na sisi tunateka kwa kasi gani.

Mafuta nayo yanajaa, na sitaki kuwaficha hilo. Asili yake ni mwani na viumbe vidogo mno vya baharini, vilivyokufa vikazama katika matope yasiyo na hewa, vikafunikwa na mchanga na udongo tabaka juu ya tabaka hadi kina cha kilomita mbili, tatu au nne. Huko chini joto hufika kati ya nyuzi 60 na 120 hivi, na kwa mamilioni ya miaka mabaki yale hupikika yakawa mafuta; joto likizidi hapo, huwa gesi. Kisha mafuta hupanda polepole katika vinyweleo vya mawe mpaka yakutane na jiwe lisilopitisha kitu, yakakusanyika chini yake na kungoja. Kazi hiyo inaendelea hata usiku huu, chini ya bahari fulani, bila ya mtu kuiona. Lakini wanadamu tunatumia mapipa yapatayo milioni 100 kila siku, na kila pipa ni lita 159. Kisima hiki kinajazwa, ila hakijazwi na mvua, na anayekijaza hana haraka yetu.

Wapo vijana walionionyesha katika simu zao maelezo kwamba mafuta hayatokani na viumbe hata kidogo, bali dunia huyatengeneza tumboni mwake bila kukoma. Dhana hiyo ina ukoo wa heshima, na inastahili kujibiwa kwa heshima. Mwanakemia Mrusi Dmitri Mendeleev aliifikiria katika karne ya 19, na mwaka 1951 mwanajiolojia wa Kisovieti Nikolai Kudryavtsev akaitetea kwa nguvu. Ni kweli pia kwamba kemikali za jamii hii hupatikana pasipo uhai, kwa maana Titan, mwezi wa sayari ya Zohali, una maziwa ya methani. Mwanasayansi Thomas Gold aliiamini dhana hii kiasi cha kuwashawishi Waswidi wachimbe mahali paitwapo Siljan, palipopigwa na kimondo hapo kale, penye mwamba mgumu ambao kwa hesabu ya kawaida haufai kuwa na mafuta. Uchimbaji ulianza mwaka 1986, ukashuka zaidi ya kilomita sita, na kisima cha kibiashara hakikupatikana. Kwa upande mwingine, Mjerumani Alfred Treibs alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba ndani ya mafuta ghafi mna kemikali za jamaa ya klorofili, ile rangi ya kijani ya majani. Ukikuta magamba ndani ya mchuzi, huhitaji kumuuliza mpishi kama alipika samaki. Na hata kama Gold angekuwa amesema kweli, swali la Shela lingebaki palepale, kwa sababu visima vilivyopungua duniani havijaonekana kujaa tena kwa kasi ya kumfaa anayeteka.

Sasa tuangalie jinsi visima hivyo vinavyopungua, maana hapo ndipo watu wengi hupotea njia. Mwaka 1859, huko Titusville katika jimbo la Pennsylvania, Edwin Drake alipata mafuta kwenye kina cha mita 21 tu. Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 1956, mwanajiolojia M. King Hubbert, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Shell, alisimama mbele ya wenzake akawaambia kwamba uzalishaji wa Marekani ungefika kilele ama katikati ya miaka ya 1960 ama mwanzoni mwa miaka ya 1970, kisha uanze kushuka. Wengi hawakumwamini. Mwaka 1970 kilele kikafika, karibu mapipa milioni 10 kwa siku, na kuanzia hapo uzalishaji ukashuka kwa miaka karibu 40 hadi kubaki nusu yake.

Mfano wa Meksiko naupenda zaidi kwa kuwa aliyeuanzisha ni mvuvi. Rudesindo Cantarell aliona mafuta yakielea juu ya maji katika Ghuba ya Campeche, akatoa habari, na wachimbaji walipokwenda wakakuta moja ya hazina kubwa kabisa za mafuta baharini, wakaipa jina lake. Mwaka 2004 mahali hapo palitoa zaidi ya mapipa milioni mbili kwa siku. Miaka kumi baadaye pato lake halikufika hata robo ya hapo. Hakuna aliyekifunga kisima, wala hakuna aliyekula njama. Shinikizo lilipungua, maji na gesi vikaingia mahali pa mafuta, kama chumvi inavyoingia Shela.

Lakini uaminifu unanilazimu nimalizie habari ya Hubbert. Baada ya mwaka 2008 Wamarekani walieneza ufundi wa kuupasua mwamba mgumu kwa maji yenye shinikizo kubwa, na wa kuchimba kwa kulala badala ya kusimama. Mafuta yaliyokuwa yamefungiwa ndani ya mwamba yakatoka, na kufikia mwaka 2018 Marekani ilikuwa imekivuka kilele chake cha 1970. Waliokuwa wametangaza kwamba mafuta yanakwisha wakaonekana waongo, na waliosema hayaishi wakashangilia. Mimi naona wote walikosea. Kisima cha aina hiyo hupoteza zaidi ya nusu ya pato lake katika mwaka wa kwanza, kwa hiyo ni lazima uchimbe kingine, na kingine, ili usimame tu pale ulipo.

Nyinyi wavuvi mnalijua jambo hili kuliko wahandisi. Zamani samaki aina ya changu walitosha kuvuliwa karibu na pwani kwa mtego wa dema na mtumbwi. Leo mtu anatoka nje ya mwamba wa matumbawe, anaunguza mtungi mzima wa lita 20, na anarudi na samaki anaotosheka nao au asitosheke. Bahari haijaisha samaki, lakini siku ambapo gharama ya kuwafuata inalingana na bei yao sokoni, kwa mvuvi yule samaki wamekwisha, hata kama wanaogelea. Ndivyo mafuta yatakavyokwisha. Tone la mwisho litabaki chini milele, kwa sababu hakuna atakayekubali kutumia nishati ya matone mawili kulitoa.

Ndiyo maana pia msishangae mkisikia kwamba mwaka 1980 akiba iliyothibitishwa duniani ilikuwa mapipa bilioni 680 hivi, na miaka 40 baadaye, baada ya kutumia mengi mno, akiba hiyo ikahesabiwa kuwa bilioni 1,700. Neno akiba katika hesabu hizo lina maana ya mafuta yanayoweza kutolewa kwa faida, kwa bei ya siku hizo na ufundi wa siku hizo. Bei ikipanda, mafuta yaliyokuwa hayafai huingia daftarini. Kugawanya akiba kwa matumizi na kupata miaka 50 ni hesabu sahihi ya kugawanya, lakini si utabiri. Kitu ambacho hesabu hiyo haikuambii ni kwamba yale mashamba ya mafuta makubwa na mepesi kuchimbika yalipatikana mapema: Burgan ya Kuwait mwaka 1938, Ghawar ya Saudia mwaka 1948, na hadi leo hakuna aliyepata mengine ya ukubwa huo ya kuchimbika kwa urahisi ule.

Na kwa kuwa nimeitaja Kuwait, wazee hapa wanakumbuka majahazi yake. Yalikuja na kaskazi, yakapakia boriti zetu za mikoko, yakarudi na kusi. Kila mti ulikuwa na jina lake kwa unene wake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Upana wa vyumba vya nyumba zetu za mawe unatokana na urefu wa boriti, na nyumba za kule Ghuba vilevile. Burgan ilipoanza kuuza mafuta nje mwaka 1946, utajiri ukaleta saruji na chuma, na majahazi yakapungua mwaka hadi mwaka. Nasema haya bila chuki kwa mtu. Mkoko ukikatwa kwa mpango huota, na kaunti hii bado ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Mfanyabiashara wa boriti alijua kwamba mti aliouacha leo ataukata mwanawe. Hakuna mchimba mafuta anayeweza kusema hivyo.

Tujiulize basi kwa nini kitu hiki kimetushika hivi. Lita moja ya petroli ina nishati ya uniti 9 hivi za umeme, uniti hizihizi tunazonunua kwa tokeni. Mtu mwenye nguvu akipiga kasia bila kuchoka hutoa wati 75 hivi. Mashine ndogo ya boti hupoteza sehemu kubwa ya nishati kama joto na moshi, ikabakisha labda moja ya tano ya kazi yenyewe. Hata baada ya hasara hiyo, lita moja inafanya kazi ya mtu mzima anayepiga kasia kwa saa 24, yaani siku tatu za kazi ngumu. Nani angelikataa hilo? Baba yangu aliyekuwa baharia hakulikataa, na mimi simlaumu.

Lakini nguvu hiyo ina bwana wake. Miaka kadhaa iliyopita nilisafiri kwenda Kizingitini, kisiwani Pate, kwa boti ya jamaa. Tulipoingia Mkanda, ile njia nyembamba ya maji kati ya mikoko, mashine ikakohoa mara tatu ikazima. Nahodha akavuta kamba mpaka kiganja kikachubuka. Maji yalikuwa yakipwa, na kila mmoja wenu anajua Mkanda unavyokuwa maji yakipwa: kwanza matope, halafu mizizi ya mikoko, halafu boti imeketi. Tulikuwa watu tisa, mmoja wetu mama mwenye mtoto mchanga. Kijana mmoja akamimina petroli yetu katika chupa ya maji iliyo wazi, akaiinua juani. Chini ya chupa kukawa na tabaka jingine, jeupe, unene wa vidole viwili. Tulikuwa tumeuziwa maji pamoja na petroli. Tukangoja hadi usiku maji yalipojaa, na tukaingia Kizingitini kwa turubali iliyofungwa kwenye upondo, upepo ukitusukuma kwa adabu kama vile haukuwahi kuachwa.

Sisi tuko mwisho wa mnyororo. Kenya haisafishi mafuta tangu kiwanda cha Changamwe kilipoacha kazi hiyo mwaka 2013. Kila lita inakuja ikiwa imekwisha kusafishwa, kwa meli, kwa dola. Oktoba 2023 bei ya petroli jijini Nairobi ilitangazwa kuwa shilingi 217 na senti 36. Ikifika kwetu imeshapita lori, gati, mtungi na mkono wa muuzaji. Wengine hutuambia tuwe na subira, kwa kuwa mafuta yaligunduliwa katika kisima cha Ngamia 1 huko Turkana mwaka 2012, na bomba limepangwa lije Lamu. Shehena ya kwanza ya majaribio, mapipa 200,000, iliondoka Mombasa mwaka 2019, baada ya kusafirishwa kwa malori kutoka Turkana. Mafuta hayo ni mazito yenye nta, hugandamana yakipoa, na bomba lake sharti lipashwe moto njia nzima. Siwakatazi wanaoliombea bomba hilo. Nasema tu kwamba mafuta ghafi yakipita mbele ya mlango wako kwenda melini hayajazi mtungi wako.

Kuna sababu nyingine, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Kila lita ya petroli inayoungua hutoa kilo 2.3 hivi za kaboni dioksidi, ambayo haionekani wala hainuki. Mwaka 1998 maji ya bahari yalipata joto lisilo la kawaida na matumbawe ya pwani yetu yakageuka meupe, na mengi yakafa, pamoja na ya Kiunga. Mwaka ule ulikuwa wa El Niño, lakini bahari inayozidi kupata joto mwaka hadi mwaka hufanya mapigo kama yale yarudi mara kwa mara, na joto hilo chanzo chake kikubwa ni huu moshi wa dunia nzima. Kwa hiyo hata tungehakikishiwa mafuta ya miaka elfu, tusingekuwa na mahali pa kuutupa moshi wake. Ninapowaona wanafunzi hawa, silali vizuri nikilifikiria jambo hili.

Basi tutumie nini? Si kila kinachoitwa mbadala kinafaa, na kaunti yetu imejifunza hilo mapema. Kwasasi palipangwa kujengwa kituo cha makaa ya mawe cha megawati 1,050, na watu wa hapa wakasimama, wakaenda mbele ya jopo la kitaifa la rufaa za mazingira, ambalo Juni 2019 lilifuta leseni yake kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Makaa ya mawe nayo ni kisima kisichojazwa na mvua, tena chenye majivu. Jirani zetu wa Malindi nao walijaribiwa kwa mbono kaburi, yaani jatropha. Katika msitu wa Dakatcha palitakiwa hekta 50,000 za kupanda mmea huo ili mbegu zake zikamuliwe mafuta ya injini za Ulaya. Rudolf Diesel mwenyewe aliishi kuona injini yake ikiendeshwa kwa mafuta ya njugu katika maonyesho ya Paris mwaka 1900, kwa hiyo wazo si la kijinga. Lakini mbono, ambao kweli huota penye ukame, penye ukame hauzai mbegu za kutosha, na kufyeka msitu ili kupunguza moshi ni kuchoma nyumba ili kuota moto. Mpango ule ulizuiwa, na nashukuru.

Kinachotufaa tunacho. Umeme wa gridi ya nchi yetu kwa sehemu kubwa hautokani na mafuta: unatoka kwenye mvuke wa Olkaria, uliotumika tangu 1981, kwenye mabwawa, na kwenye mitambo 365 ya upepo kule Loiyangalani. Juu ya hayo lipo jua letu. Hebu tuhesabu pamoja. Chukua boti inayovusha watu kati ya Lamu na Shela na kutumia lita 4 kwa siku. Lita 4 ni uniti 36, na moja ya tano yake, kazi halisi, ni uniti 7. Mashine ya umeme haipotezi kama ile ya petroli, kwa hiyo betri ya uniti 10 inatosha na akiba inabaki. Betri ya lithiamu ya kiasi hicho ina uzito wa kilo 100 hivi, uzito wa abiria mmoja na mzigo wake. Paneli moja ya wati 400 kwa jua la hapa hutoa karibu uniti 2 kwa siku. Paneli tano juu ya paa la gati zinaijaza. Hakuna maji yatakayochanganywa ndani ya jua.

Kwa mvuvi wa nje ya mwamba anayeunguza lita 40, hesabu inakataa. Betri yake ingekuwa na uzito wa kilo 700 au zaidi, na bei yake ingemmaliza. Simdanganyi. Kwake yeye dawa ya leo ni tanga. Si kila mwelekeo wala kila saa, lakini kusi ikivuma na mashua inarudi, kuna haja gani ya kuendesha mashine huku foromali, mti wa kubebea tanga, imelazwa? Nahodha anayeendesha kwa tanga nusu ya safari ameokoa lita 20 bila kununua kitu. Wapo vijana hapa wanaoweza kuifungua mashine na kuifunga usiku bila taa, lakini hawajawahi kubisha tanga. Wazee, wafundisheni kabla hamjaondoka.

Ili tujue boti ipi ianze, na betri iwe ya ukubwa gani, tunahitaji hesabu zenu wenyewe, si zangu za ubaoni. Juu ya meza hii kuna madaftari. Kila nahodha achukue moja. Safu ya kwanza ni tarehe, ya pili ni safari, ya tatu ni lita zilizoingia, ya nne ni kama tanga lilipandishwa au la. Asiyependa kuandika amwombe mwanawe. Nitayapokea baada ya mwezi mmoja, hapahapa Mkunguni, baada ya isha.